Baba alikuwa baharia Ghuba wakati wa vita vya Iran na Iraki. Walikuwa wanapigania nini?

"Shikamoo mwalimu. Baba yangu ni mzaliwa wa Mombasa, na ujana wake wote alikuwa baharia kwenye meli za mafuta. Mwaka 1986 meli yao ilipigwa kombora ikitoka kisiwa cha Kharg, wenzake wawili wakafia chumba cha injini. Zaidi ya hapo hajawahi kutusimulia. Hadi leo halali chumba kisicho na dirisha, na mtungi wa gesi ukivuja kidogo tu ukafanya 'tss', anainuka na kutoka nje. Sasa ana miaka 71 na wajukuu wanamuuliza maswali. Wajomba wanasema vile vilikuwa vita vya Washia na Wasuni. Mwalimu wetu wa sekondari alituambia ni mafuta tu, hakuna kingine. Baba mwenyewe siku moja alisema, 'Walikuwa wanapigania mto,' akanyamaza. Nani yuko sahihi? Na mbona Iraki ilipomaliza na Iran iliigeukia Kuwait, iliyokuwa imeisaidia? Halafu kuna bwana hapa mtaani anasema tukimpa shilingi 15,000 atajaza fomu, baba alipwe fidia ya vita vya Ghuba na Umoja wa Mataifa. Tumlipe?"

Marahaba, dada yangu. Nianze na la mwisho maana ndilo lenye haraka: msimlipe. Tume ya fidia ya Umoja wa Mataifa ilikuwepo kweli, na ililipa watu wengi. Lakini iliundwa mwaka 1991 kwa hasara zilizotokana na Iraki kuivamia Kuwait, yaani kuanzia tarehe 2 Agosti 1990 hadi 2 Machi 1991. Milango ya kupokea madai ilifungwa zamani, na mwaka 2022 Iraki ilimaliza kulipa senti ya mwisho ya dola bilioni 52.4 zilizoidhinishwa. Kombora lililompata baba yako mwaka 1986 lilikuwa la vita vingine, vilivyotangulia, na vita hivyo havikuundiwa mfuko wowote wa kuwafidia mabaharia. Naona uchungu kukuandikia hivyo, lakini ni afadhali uupate kwangu kuliko utoe 15,000 kisha uupate.

Sasa tuingie kwenye swali lenyewe. Kati ya wajomba, mwalimu na baba, aliyekaribia zaidi ni baba. Mto peke yake hautoshi, ila ukitaka kuvielewa vita vile ni lazima uanzie mtoni.

Tigris na Euphrates, ile mito ambayo wasomaji wa Biblia wanaijua kama Hidekeli na Frati, inakutana kusini mwa Iraki na kuwa mto mmoja, Shatt al-Arab, unaoshuka kiasi cha kilomita 200 hadi Ghuba ya Uajemi. Waajemi wanauita Arvand Rud. Sehemu yake ya chini ndiyo mpaka: kulia Iraki, kushoto Iran, mitende pande zote mbili. Iran ina pwani ndefu sana, lakini bandari yake ya Khorramshahr na kiwanda kikubwa cha kusafisha mafuta cha Abadan vilijengwa kwenye mto huo. Iraki pwani yake ni kama kilomita 60 tu, na bandari yake kuu wakati ule, Basra, iko ndani mtoni. Wewe ni mtu wa Mombasa, kwa hiyo fikiria mlango wa Kilindini. Meli kubwa haipiti popote inapotaka, inafuata mkondo wenye kina. Sasa chukulia kwamba mkondo huo wote ni mali ya nchi ya ng'ambo, wewe umeachiwa ukingo na mikoko, na kila meli inayokuja kwako inachukua rubani wao na kuwalipa wao ushuru. Ndivyo Iran ilivyokuwa ikiishi chini ya mkataba wa 1937. Mpaka ulipita ukingoni upande wa Iran, isipokuwa kipande kifupi mbele ya Abadan ambapo ulipita katikati ya mkondo.

Mwaka 1969 Shah, yaani mfalme, wa Iran, akiwa na jeshi lenye nguvu kuliko la jirani yake, alisema mkataba huo haumfungi tena. Akateremsha meli mtoni ikipeperusha bendera ya Iran, ikisindikizwa na manowari na ndege, bila kuilipa Iraki chochote. Iraki ilifoka, haikuthubutu kuipiga. Kisha Shah akaanza kuwapa silaha Wakurdi waliokuwa wakiasi kaskazini mwa Iraki, hadi serikali ya Baghdad ikabanwa. Tarehe 6 Machi 1975, huko Algiers, pembeni ya mkutano wa nchi zinazouza mafuta na kwa usuluhishi wa Rais Houari Boumédiène wa Algeria, wakapatana. Iraki ikakubali mpaka uwe katikati ya mkondo wenye kina, na Iran ikawatupa Wakurdi. Uasi wao ulisambaratika ndani ya wiki chache tu. Aliyekubali kwa niaba ya Iraki alikuwa kijana aliyekuwa makamu wa mkuu wa nchi wakati ule, Saddam Hussein. Naomba uikumbuke saini hiyo, nitairudia.

Haya yote peke yake yangeishia kwenye magomvi ya mpakani. Kilichobadilisha mambo ni mapinduzi ya Iran ya Februari 1979. Kiongozi wake, Ayatollah Khomeini, hakuwa mgeni Iraki. Aliishi uhamishoni Najaf, mji mtakatifu wa Washia, tangu 1965 hadi serikali ya Baghdad ilipomfukuza mwaka 1978. Aliposhika nchi, Tehran ikaanza kuwahimiza Wairaki wauangushe utawala wa chama cha Baath. Saddam akawa rais Julai 1979. Aprili 1980 kukatokea jaribio la kumuua waziri wake Tariq Aziz katika chuo kikuu kimoja cha Baghdad, naye akajibu kwa kumnyonga mwanachuoni mkubwa wa Kishia, Muhammad Baqir al-Sadr, pamoja na dada yake, na kuwafukuza nchini maelfu kwa maelfu ya familia zilizosemekana kuwa na asili ya Uajemi. Watu walipakiwa kwenye malori wakamwagwa mpakani, nyumba na maduka yao yakachukuliwa.

Hapo Saddam alikuwa na hofu. Lakini alikuwa pia na tamaa, na vita vikubwa mara nyingi huzaliwa pale viwili hivyo vinapolala kitanda kimoja. Alipoitazama Iran aliona jeshi ambalo maofisa wake wameuawa, wamefungwa au wamekimbia. Aliona ndege za Kimarekani zisizo na vipuri, kwa sababu Iran iliwashika mateka watu wa ubalozi wa Marekani tangu Novemba 1979 na Marekani ikakata kila kitu. Akaona wiki chache zinatosha: aurudishe mto, auzime moto wa mapinduzi, na awe kiongozi wa Waarabu wote. Tarehe 17 Septemba 1980 alitangaza mbele ya bunge kwamba mkataba wa Algiers umekufa. Tarehe 22 ndege zake zikavipiga viwanja vya ndege vya Iran na majeshi yake yakavuka mpaka.

Wiki zile chache zikawa karibu miaka minane.

Tuwarudie wajomba. Wamesikia maneno yaliyosemwa kweli, maana pande zote mbili zilitumia dini kuwatia vijana hamasa. Lakini tazama nani alikuwa anampiga nani. Askari wa miguu wa jeshi la Iraki wengi wao walikuwa Washia. Hao ndio waliouzuia mji wa Basra usiingie mikononi mwa Iran, miaka nenda miaka rudi. Tehran ilitarajia Washia wa Iraki wainuke wote kwa pamoja, hawakuinuka. Baghdad nayo ilitarajia Waarabu wa mkoa wa Khuzestan, ndani ya Iran, wawapokee askari wake kwa vigelegele. Hawakufanya hivyo, na wengi walikimbia au walipigana upande wa Iran. Halafu Syria na Libya, nchi za Kiarabu, ziliiunga mkono Iran. Ukisema ni vita vya madhehebu, watu hawa wote huna pa kuwaweka. Mgawanyiko mkali wa Washia na Wasuni tunaouona sasa Iraki umekolezwa zaidi na yaliyotokea baadaye, na tunakosea tukiuchukua na kuubandika mwaka 1980.

Na mwalimu wako wa sekondari? Ana hoja nzito, ila ameiweka mahali pasipo pake. Khuzestan ndiko kuliko na sehemu kubwa ya mafuta ya Iran, na kwenye ramani za Baghdad mkoa huo uliitwa Arabistan. Kiwanda cha Abadan kilikuwa miongoni mwa vikubwa kabisa duniani. Hakuna anayeweza kusema mafuta hayakuwemo akilini mwa mtu. Lakini kama vita vingekuwa vya mafuta tu, vingesimama mapema, kwa sababu mafuta ndiyo yaliyoteketea kwanza. Katika wiki za mwanzo Abadan iliwaka, na gati za Iraki za kupakilia mafuta baharini zikavunjwa. Iraki iliyokuwa ikiuza nje mapipa zaidi ya milioni 3 kwa siku ilishuka chini ya milioni 1. Makumi ya meli za mataifa mengine zilinaswa Shatt al-Arab kati ya mizinga ya pande mbili, zikakaa humo miaka zikiliwa na kutu. Mfanyabiashara anayepigania duka halichomi na kuendelea kupigana kwenye majivu.

Nionavyo mimi, na nimefundisha historia ya Ghuba muda mrefu wa kutosha kulisema bila kuyumba: mafuta hayakuvianzisha vita vile, yalivilipia.

Nifafanue, maana hapa ndipo penye kiini cha jambo. Nchi nyingi zikipigana huchoka. Hazina ikikauka, risasi zikiisha, wakuu wanakaa mezani wapende wasipende. Nchi yenye mafuta haichoki hivyo. Iran iliendelea kuuza kupitia kisiwa cha Kharg, bandari yake kuu ya kupakilia mafuta, hata kisiwa hicho kilipokuwa kikipigwa mara kwa mara. Iraki, njia yake ya baharini ilipokufa na Syria ilipoufunga mwaka 1982 mfereji wa bomba uliopita kwake, ilitegemea bomba la kwenda Uturuki, ikaja kuunganishwa na la Saudi Arabia. Pale mapato yake yaliposhindwa, mapato ya majirani yalijaza: Saudi Arabia na Kuwait ziliikopesha mabilioni ya dola, kwa kuwa ziliuogopa ushindi wa Iran kuliko zilivyompenda Saddam. Na penye mteja mwenye pesa wauza silaha hawakosekani. Sovieti na Ufaransa ziliiuzia Iraki. Marekani iliipa Iraki taarifa za kijasusi, na wakati huohuo, mwaka 1985 na 1986, ikaiuzia Iran makombora kwa siri. Kila mmoja alihakikisha hakuna anayeshindwa. Wanakijiji wa pande zote mbili ndio waliolipa.

Kuna picha moja inayonijia kila ninapolifundisha hili. Desemba 1980 mawaziri wa nchi zinazouza mafuta walikutana Bali, Indonesia. Waziri wa mafuta wa Iran, Mohammad Javad Tondguyan, alikuwa ametekwa na Wairaki mwezi Oktoba alipokuwa njiani kuelekea Abadan. Ujumbe wa Iran uliweka picha yake kubwa kwenye kiti chake. Wairaki walikuwa ukumbini humohumo. Wakaendelea kujadili bei. Tondguyan hakurudi nyumbani akiwa hai.

Sitaki ubaki na wazo kwamba lawama zote ni za upande mmoja. Iraki ndiyo iliyovamia, na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliliandika hilo waziwazi katika ripoti yake ya Desemba 1991. Lakini tarehe 24 Mei 1982 Wairani waliukomboa mji wao wa Khorramshahr, na muda mfupi baadaye Iraki ikaondoa majeshi yake na kuomba vita vikome. Iran ingeweza kusimama pale, mpaka wake ukiwa salama. Viongozi wa Tehran wakabishana, kisha Julai wakavuka kuelekea Basra, wakitaka Saddam aondoke. Vifo vingi vilikuja baada ya uamuzi huo. Vijana, wengine bado watoto wa shule, walipelekwa kwenye mabwawa na seng'enge za kusini. Iraki nayo ikawamwagia gesi ya sumu: gesi ya haradali inayobabua ngozi na mapafu, na sumu za mishipa. Mwaka 1987 ikaudondoshea mji wa Sardasht huko Iran, wenye raia, na tarehe 16 Machi 1988 ikaipiga Halabja, mji wa Wakurdi wa Iraki yenyewe, wakafa kiasi cha watu 5,000. Wako watu Iran ambao hadi leo wanapumua kwa mashine kwa sababu ya gesi ile.

Sasa nije kwa baba yako, kwa sababu vita vya baharini vilikuwa na mantiki yake, na ukiielewa utaelewa kwa nini kijana wa Mombasa aliwindwa na ndege ya nchi asiyogombana nayo.

Iraki haikuwa tena na meli za mafuta za kupoteza, maana mafuta yake yalipita kwenye mabomba ya nchi kavu. Iran ilitegemea meli kwa kila pipa. Kwa hiyo kuanzia 1984 Iraki ilizidisha kuzipiga meli zinazotoka Kharg, ikitumia makombora ya Exocet ya Kifaransa. Iran haikupata meli ya Iraki ya kulipizia, ikazigeukia meli za Kuwait na Saudi Arabia, kwa kuwa hao ndio waliokuwa wakimlipia Saddam. Mlango-bahari wa Hormuz, njia pekee ya meli kutoka Ghuba, ambao Oman iliyojitenga na vita hivyo iliulinda upande wake kwa utulivu mkubwa, Iran haikuufunga hata siku moja, pamoja na vitisho vyote. Ingeufunga ingejikaba koo yenyewe. Ndiyo maana meli ziliendelea kupita, na makombora yakaendelea kuzifuata. Meli zaidi ya 400 zilishambuliwa, na mabaharia raia zaidi ya 400 waliuawa, watu wa mataifa mengi maskini waliokuwa kazini tu.

Kama meli ya baba yako ilikuwa ikitoka Kharg mwaka 1986, aliyeipiga karibu bila shaka ni rubani wa Iraki. Inawezekana ilikuwa mojawapo ya meli zilizokodiwa na Iran kubeba mafuta kutoka Kharg hadi visiwa vya kusini, kwanza Sirri na baadaye Larak, ili meli kubwa za wanunuzi zipakie mbali na ndege za Iraki. Safari hizo za kwenda na kurudi zilikuwa za hatari kupita zote. Agosti mwaka huo Iraki iliifikia hata Sirri.

Kisha kuna jambo ambalo wajukuu hawawezi kulijua bila kuelezwa. Meli kubwa ya mafuta si rahisi kuzama kwa kombora moja. Matangi yake yamegawanywa vyumba vyumba, na mafuta ghafi ni mazito, hayalipuki kama petroli. Lakini watu hawakai kwenye matangi. Wanalala, wanapika na kufanya kazi nyuma kabisa, lilipo jengo la meli, na chini yake ndiko kwenye chumba cha injini. Kombora likiingia pale, meli inaweza kubaki inaelea, ikavutwa hadi bandarini, ikatengenezwa, na mzigo wake ukauzwa. Iko iliyokuwa kubwa kuliko meli zote duniani, Seawise Giant: ilipigwa Larak Mei 1988, ikaungua, ikaja kufufuliwa na kurudi baharini. Chumba cha injini kiko chini ya usawa wa maji, hakina dirisha, na njia ya kutokea ni ngazi za chuma. Bomba la mvuke likipasuka, sauti ya kwanza ni ile ile ya mtungi wako wa gesi. Nadhani sasa unajua kwa nini mzee anatoka nje.

Mwisho ulikuja kwa uchovu. Iraki iliirushia Tehran makombora mapema mwaka 1988. Manowari za Marekani, zilizokuwa zikizisindikiza meli za Kuwait tangu 1987, zilipambana na zile za Iran, na tarehe 3 Julai 1988 mojawapo ikaitungua ndege ya abiria ya Iran yenye watu 290. Hakuna aliyepona. Wiki mbili baadaye Iran ikakubali azimio namba 598 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lililotaka vita visimamishwe, na Khomeini akasema kulikubali ni kama kunywa kikombe cha sumu. Bunduki zilinyamaza tarehe 20 Agosti 1988. Waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya nusu milioni na milioni moja. Mpaka ulikuwa pale pale.

Huku kwetu vita vile vilifika kupitia bomba la petroli. Bei ya pipa ilitoka kama dola 14 mwaka 1978 hadi zaidi ya 35 ilipofika 1981, kwanza kwa mapinduzi ya Iran, kisha kwa vita. Tanzania ilikuwa ndiyo kwanza inatoka kwenye vita vya Kagera, hazina tupu. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilikuwa kikisafisha mafuta ghafi yaliyotoka Ghuba hiyohiyo, kwa hiyo hakuna aliyekwepa. Ukiwauliza wazee wa mtaani kuhusu foleni za mafuta ya taa miaka ile watakusimulia mpaka jioni.

Swali lako la Kuwait nililifurahia, kwa sababu umeiona ajabu ambayo vitabu vingi vinaipita. Jibu liko kwenye deni. Iraki ilitoka vitani ikiwa na jeshi kubwa sana, vijana wengi wasio na kazi, na madeni yanayokadiriwa kufikia dola bilioni 80, karibu nusu yake kwa majirani wa Ghuba. Saddam alidai kwamba amewalinda dhidi ya Iran, kwa hiyo zile pesa ni zawadi, si mkopo. Kuwait haikukubali kufuta. Tena ilikuwa ikitoa mafuta kupita kiwango ilichopangiwa, na bei ikawa inashuka. Kwa hesabu za Baghdad, kila dola moja iliyopungua kwenye pipa iliinyima Iraki dola bilioni 1 kwa mwaka. Ikaongeza dai kwamba Kuwait imenyonya mafuta ya dola bilioni 2.4 kutoka uwanja wa Rumaila, unaopita chini ya mpaka wao. Dai hilo Kuwait ililikana. Wakakutana Jeddah mwishoni mwa Julai 1990, hawakuelewana. Alfajiri ya tarehe 2 Agosti vifaru vikaingia Kuwait.

Unaona mnyororo huo? Vita vya kwanza vililipiwa kwa mkopo wa mafuta, na mkopo ukazaa vita vya pili. Hivyo vya pili navyo vilizaa visima zaidi ya 600 vya Kuwait vilivyochomwa, cha mwisho kikizimwa Novemba 1991, na karibu miaka kumi na mitatu ya vikwazo vilivyowafikisha Wairaki wa kawaida mahali pa kuuza vitabu na milango ya nyumba zao ili wale.

Na ule mto? Katikati ya Agosti 1990, Kuwait ikiwa mikononi mwake na majeshi ya Marekani yakimiminika Saudi Arabia, Saddam alihitaji kuyatoa majeshi yake mpaka wa Iran ayapeleke kusini. Akamwandikia barua Rais Rafsanjani wa Iran. Ndani yake alikubali tena mkataba wa 1975, mpaka katikati ya mkondo, saini ile ile niliyokuomba uikumbuke. Miaka minane ya vita, akairudisha kwa barua moja. Mimi kila nikifika hapo darasani huwa nakaa kimya kidogo, na wanafunzi wangu nao hunyamaza. Baba yako aliposema walikuwa wanapigania mto kisha akanyamaza, huenda alikuwa amefika hapo hapo.

La mwisho ni mzee mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa historia, si tabibu, kwa hiyo hapa nasema kwa mipaka. Kushtuka kwa sauti fulani, kukwepa vyumba fulani, kunyamaza juu ya siku moja ya maisha yako, hayo ni mambo ambayo kiwewe huyafanya, na kinaweza kukaa na mtu miaka arobaini. Kama amejipangia maisha yake vizuri, analala dirishani, anakula, anacheka na wajukuu, usimlazimishe kufungua mlango aliouchagua kuufunga. Lakini ikiwa anaamka usiku akipiga kelele, ameanza kujitenga au kunywa, kifua kinambana, au anasema maneno kama "afadhali ningekufa mimi," mpeleke hospitali ya kaunti na uombe aonwe na mtu wa afya ya akili, si kuandikiwa dawa za usingizi tu. Nenda naye wewe mwenyewe, na umweleze daktari kabla hajaingia kwamba alikuwa kwenye meli iliyopigwa, maana yeye hatasema. Matibabu yapo, na umri wa miaka 71 si kizuizi. Ukiweza kumpata mzee mwingine aliyesafiri Ghuba miaka ile, wakutanishe kwenye kahawa, kisha nyinyi muondoke.

Wajukuu wasianze na siku ya kombora. Kila baharia alikuwa na kitabu chake cha kazi, chenye mhuri wa kila meli, tarehe aliyopanda na tarehe aliyoshuka. Kama bado anacho, mwombeni akioneshe. Wamuulize walikuwa wanakula nini, nani alikuwa mpishi, Kharg kunanukaje kukiwa na joto. Wamuulize majina ya wale wawili waliobaki chini, ila akiyataja mwenyewe kwanza.